Mfarishi wa Chupa Mbili

Wiki nzima swali moja halikuniacha nilale. Mtu akiumia kwa kufuata maneno yangu, nami nilijua yanaumiza na nikanyamaza, je, nitasema nimepona, au nitasema nimempa mwingine ugonjwa wangu? Nililigeuza swali hilo kila upande. Nilitafuta upande ambao ungeniruhusu kukaa kimya. Nikiupata usiku, asubuhi sikuuona tena.

Nawaandikia dada zangu mlioko majumbani, Riyadh, Jeddah na kwingine, pamoja na familia zenu mlizoziacha nyumbani. Nilipokuwa mgonjwa nilisoma shuhuda nyingi za watu waliopona. Zilinitia moyo, lakini karibu zote ziliruka mahali ambapo mwenyewe alikosea. Mimi sitaruka.

Jina langu ni Nekesa, mzaliwa wa Bungoma. Nilisomea ualimu chuo kikuu, kemia na biolojia. Nilipohitimu nilingoja ajira mpaka viatu nilivyovaa siku ya mahafali vikaisha soli. Barua za kuomba kazi nilizisoma mara kumi kabla ya kuzituma, na nyingine sikuzituma kabisa kwa sababu nilikuwa na shaka na neno moja tu. Ndivyo nilivyo. Hata salamu huifikiria kwanza: nikisema hivi ataonaje, nikisema vile atadhani nini. Mwishowe nilikuja Saudia kufanya kazi za nyumbani, na hilo pia nililifikiria mpaka wakala akaniuliza kama ninaenda au ninaandika kitabu.

Nilipelekwa Al-Malqa, Riyadh, kwenye nyumba ya ghorofa tatu yenye mabafu saba. Maji ya kule yana chumvi. Yakikauka huacha ukoko wa njano kwenye vigae, na ukoko huo ndio uliokuwa adui wangu wa kila siku. Dada Mkenya aliyenitangulia alinikabidhi nyumba kwa siku mbili kabla ya kuondoka. Kazi zetu hurithishwa hivyo. Anayeondoka humwambia anayeingia: madam hapendi viatu kwenye ngazi, baba wa nyumba hali chakula cha jana, mtoto mdogo hulala taa ikiwaka. Kisha akanionyesha chupa mbili za maji ya kunywa, zilizojazwa dawa kutoka kwenye madumu makubwa ya stoo. Hazikuwa na karatasi yoyote.

"Hii tunaiita maji meupe," akasema. "Hii ni maji makali. Moja peke yake utasugua mpaka ujute. Ukichanganya, ukoko unatoka wenyewe. Acha mlango wazi tu."

Maji meupe ilikuwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Maji makali ilikuwa asidi. Kichwani nilikuwa na kila kitu cha kunifanya nikatae. Katika mazoezi ya kufundisha niliwahi kuandika ubaoni jinsi gesi ya klorini inavyopatikana, na nikawapa kidato cha tatu mtihani juu yake. Lakini darasani vitu hivyo vilikuwa na majina ya darasani. Hapa vilikuwa maji meupe na maji makali, na madam alikuwa akinihimiza "yalla, yalla" kutoka juu. Mimi ninayewaza hata namna ya kubisha hodi, hilo sikuliwaza. Nilichanganya. Ukoko ukatoka. Nikakohoa kidogo na kuendelea.

Baada ya miezi kadhaa, dada mmoja aliuliza kwenye kundi letu la simu jinsi ya kuondoa ukoko wa bafu. Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti. Wakati huo nilikuwa na sauti nyembamba na safi, ile iliyokuwa ikianzisha nyimbo kanisani kwetu. Nilianza hivi: "Wapendwa, mimi ni mwalimu wa kemia kitaaluma, kwa hivyo msiogope." Kisha nikaeleza hatua kwa hatua, kama niko mbele ya darasa. Majibu yakamiminika: asante mwalimu, ubarikiwe mwalimu. Tangu nifike nchi ile nilikuwa nimeitwa majina mengi, lakini si mwalimu. Niliisikiliza sauti yangu mara nyingi siku hiyo. Wengine wakaituma kwenye makundi yao, na wa makundi hayo wakaituma mbele.

Siku niliyoumia ilikuwa ya wageni wa baba. Bafu la wageni liko chini ya ngazi. Halina dirisha, na feni yake ilikuwa imekufa zamani. Baba alikuwa ameleta dumu jipya la maji makali, lenye nguvu kuliko lile la kwanza, nami nikaongeza kipimo ili nimalize haraka. Nilifunga mlango maji yasimwagikie zulia la ukumbini. Nikachuchumaa kusugua pembe za chini.

Gesi ile ni nzito, hukaa chini. Huko chini ndiko kilikokuwa kichwa changu.

Kwanza macho yalichoma kama nimepakwa pilipili. Nikafikiri nifumbe tu nimalize. Kisha koo likajifunga. Nilivuta pumzi, ikaingia nusu, na hiyo nusu ilikuwa moto. Nilikohoa mpaka nikatapika kwenye ndoo yenyewe. Nilipotaka kusimama, miguu haikukubali. Nilitambaa nikitafuta kitasa kwa kupapasa, na nakumbuka nikijiuliza, hata pale, kama matapishi yangu yataharibu vigae.

Madam ndiye aliyefungua mlango. Alikuja kwa sababu ya harufu. Alinivuta kwa kola ya gauni mpaka ukumbini huku naye akikohoa, machozi yakimtoka, akamwita dereva.

Hospitalini walinipa oksijeni na mvuke wa kufungua kifua. Daktari, Msudani mwenye sauti ya upole, aliniuliza kwa Kiingereza, "Umevuta nini?"

Nikafikiri. Hapo ndipo nilipopaswa kutofikiri. Nikisema nilichanganya dawa, watauliza kwa nini, na mimi ni msomi wa kemia. Wakijua ni msomi wa kemia, watasema nilikusudia kujiua. Wakisema hivyo, polisi wataitwa. Polisi wakiitwa, ikama yangu, kibali cha kuishi, itafutwa, nitarudishwa, na jina langu litaandikwa mahali ambapo kila mwalimu mkuu wa Kenya ataliona. Yote hayo nilimaliza kuyawaza kabla hajanyanyua kalamu.

"Sabuni tu," nikasema.

"Sabuni ya kawaida?"

"Ya kawaida."

Alinisikiliza kifua, akaona nimetulia, akaniandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo. Jioni nikaruhusiwa kwenda nyumbani.

Kesho yake adhuhuri mapafu yangu yalijaa maji. Sina neno bora zaidi. Nilikuwa nimekaa kitandani nikisikia kifua kikibubujika kama birika linalotaka kuchemka, na nilipokohoa lilitoka povu lenye rangi ya waridi. Kucha ziligeuka bluu. Sikuweza kulala chali wala ubavu. Nilikaa nimeinama mbele nikishika ukingo wa kitanda, na kila pumzi ilikuwa kazi niliyopaswa kuikumbuka. Nikisahau moja, hakuna ambaye angenivutia.

Madam alinirudisha yeye mwenyewe, na safari hii alibeba mfuko mweusi wa taka. Ndani yake mlikuwa na ndoo na chupa zote mbili. Aliviweka juu ya meza ya daktari.

"Hakuna sabuni," akamwambia. "Ni hivi."

Daktari alinusa kifuniko cha kwanza, halafu cha pili. Akanijia karibu. Hakupandisha sauti.

"Ungesema ukweli jana," akasema, "nisingekuruhusu utoke mlangoni."

Siku zilizofuata sikuwa mtu wa kuamua chochote. Walinifunga barakoa ya mashine iliyosukuma hewa kwa nguvu mpaka machozi yakatoka. Wauguzi walinigeuza, wakaniosha, wakaniwekea beseni la haja chini yangu na kuliondoa, nami nikitazama dari. Homa ilipanda. Walinidunga mikono yote mpaka mishipa ikajificha. Nilitaka kuuliza kama nitakufa, lakini sauti haikuwepo kabisa, hata ya kunong'ona. Maisha yangu yote nilikuwa nimeyachunguza maneno kabla ya kuyatoa. Sasa hakukuwa na la kuchunguza.

Madam alinishikia simu mama alipopiga. Mama alisikia kelele ya mashine tu. Akaanza kulia, akauliza, "Wamekufanya nini hao watu, mwanangu?" Sikuweza kujibu. Jumapili kanisa zima lilifunga na kuomba kwa ajili yangu, wakiamini kwamba nimelishwa sumu na mwajiri. Sauti iliporudi kidogo, mama aliuliza tena swali lile lile. Nilikuwa na nguvu za kutosha za kusema ukweli. Nikasema, "Endeleeni kuniombea tu, mama." Sikusema uongo. Niliuacha ukae mahali ulipokaa.

Nilitoka hospitalini nikiwa mwepesi kama kapu tupu. Ngazi tano zilinishinda. Sauti ile nyembamba haikurudi. Iliyokuja ni hii niliyonayo sasa, nzito, ya kukwaruza, inayokatika katikati ya sentensi. Nilipofungua kundi letu la simu nilifuta ule ujumbe wangu upande wangu. Haukufutika kwa wengine, muda ulikuwa umepita. Nikajiambia umeshasahaulika.

Madam alizitupa chupa zote. Kisha akanihamishia Jeddah kwa mama yake mzazi. "Kule ni ghorofa ya chini," akaniambia. "Ngazi mafi, hakuna. Pumzika." Mama Kabira, ndivyo tunavyowaita wazee wa nyumba, alihitaji mtu wa kumsaidia kuoga, kumpa dawa na kukaa naye. Kila Ijumaa baada ya swala binti yake mwingine alimchukua, nami nikawa huru mpaka magharibi.

Ndivyo nilivyofika kwa Bi Zuhura, fundi wa kushona mabuibui kutoka Zanzibar anayeishi mtaa wa Ghulail. Chumba chake cha juu hukusanya wanawake kila Ijumaa, Wakenya, Watanzania, wawili watatu wa Uganda. Tunashona mifarishi, yaani mablanketi ya viraka ya tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati, bitana chini. Vitambaa ni vile vya nguo zilizochakaa tu, cha dukani hakiruhusiwi. Daktari alikuwa ameniambia nitafute kazi ya kukaa inayotaka pumzi ya polepole, na kushona kwa mkono ni hivyo hasa. Wengi wanajua niliumwa mapafu huko Riyadh. Wanajua ile hadithi ya mama. Sikuwahi kuwasimulia mimi. Ilikuja nyuma yangu yenyewe.

Mwaka huu Bi Zuhura alitangaza shindano. Kila mmoja ashone mfarishi mdogo, upana wa kumfunika mtoto, unaomwambia mgeni wa nchi hii jambo moja analopaswa kulijua. Mifarishi itatundikwa kwenye ukuta wa ngazi zake, ambako wasichana wapya hupanda kuja kupimwa mabuibui.

"Na herufi sitaki," akasema. "Hata moja. Mwenye Kiarabu hasomi chenu, mwenye chenu hasomi Kiarabu, na wengine hawasomi lolote. Kitambaa kiseme chenyewe."

"Nitashona simu ndani ya sidiria," akasema Rispa, Mjaluo wa Homa Bay asiyekaa kimya hata akiwa na pini mdomoni. "Mgeni ajue pa kuificha."

"Shona basi. Lakini sidiria iwe safi."

Wote wakapata mawazo siku ile ile. Mimi sikupata. Nilichora ndege. Nikajiuliza ni ndege gani. Akiwa njiwa watadhani ninazungumzia amani, na mimi amani sina. Nilichora mlima wa kwetu, nikaona mgeni hahitaji kuambiwa juu ya mlima aliouacha. Nilichora mkono uliofunguka, ukaonekana unaomba. Nilikata viraka vya kijani, nikavipanga, nikavipangua. Ijumaa tatu zikapita hivyo. Rispa akasema mfarishi wangu utamfunika mjukuu wangu.

Ijumaa ya nne alikuja msichana mpya, Mueni wa Kitui, hana hata miezi miwili nchini. Alikaa karibu nami akachukua mkasi kunisaidia kukata. Wakaanza kulalamika juu ya mabafu, kama kawaida. Mueni akatoa simu yake.

"Mimi nilitumiwa hii na binamu yangu," akasema. "Huyu mwalimu atanisaidia, hata simjui. Kesho nitajaribu."

Akabonyeza. "Wapendwa, mimi ni mwalimu wa kemia kitaaluma, kwa hivyo msiogope."

Nilikuwa nimeshika kitambaa. Nilikiangalia kitambaa. Sauti yangu ilizunguka chumba kizima, safi, changamfu, ikieleza kipimo na maji ya moto, na wanawake wakasikiliza vichwa vimeinama juu ya sindano.

"Sikieni sauti ya mtu aliyesoma," akasema Rispa. "Si kama Nekesa wetu, chura mwenye mafua."

Wakacheka. Nami nilicheka. Hakuna aliyeijua. Ile sauti na mimi tulikuwa watu wawili.

Nikamwambia Mueni, chini chini, "Usitumie hiyo. Inaweza kuwa mbaya."

"Mbaya kivipi? Ni mwalimu wa kemia amesema."

"Nimesikia tu kuwa ina harufu kali."

"Ah, dada, harufu." Akarudisha simu mkobani.

Hayo ndiyo yote niliyosema. Nilijiambia nitampata pembeni tukishuka. Tukashuka, dereva wa nyumba yake alikuwa ameshapiga honi, akaondoka. Jioni nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Ndipo nikakumbuka alivyosema: simu yake hukaa kabatini kwa madam wake mpaka Ijumaa ijayo. Hakuna aliyejua nyumba yenyewe iko mtaa gani, hata Bi Zuhura.

Hii ndiyo wiki niliyoitaja mwanzoni. Hospitalini nilikuwa mnyonge kwa sababu mwili ulikataa. Wiki hii mwili ulikuwa mzima, na bado sikuwa na la kufanya. Niliwaza yuko katika bafu la namna gani, lina dirisha au halina. Niliwaza ujumbe ule uko kwenye simu ngapi, katika nyumba ngapi, na kwamba hata nikilia hauwezi kurudi. Nikaanza kuandika maelezo kwenye kundi letu, nikayafuta. Nikiandika bila jina hakuna atakayeamini kuliko mwalimu. Nikiandika na jina, mwalimu mkuu fulani siku moja atasikia kwamba mwalimu wake wa kemia alijitilia gesi, na mama atajua nimeliacha kanisa likamlaani mtu aliyeniokoa. Nilimpigia simu Mueni kila siku. Imezimwa.

Mama Kabira aliniona nimeshika sindano sishoni. Akauliza kwa ishara kama ninaumwa kifua. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Basi shona." Akageukia ukuta akalala.

Nilifungua sanduku langu nikatoa gauni la kazi la Riyadh, lile nililovaa siku ile, ambalo sikujua kwa nini nimelihifadhi. Lilikuwa la kijivu, limeliwa na dawa kifuani na magotini, mabaka meupe yenye kingo za njano. Nikalikata. Safari hii sikuchora kwanza. Nilishona chupa mbili zimelala kuelekeana, midomo ikigusana. Kati yake niliweka yale mabaka, yakatokea kama wingu. Chini ya wingu nikashona mwanamke aliyechuchumaa. Mdomo sikumwekea. Kuzunguka wote nikaweka mlango uliofungwa, mweusi, kutoka bitana la buibui kuukuu. Mishono yangu ilikuwa mibaya na mikubwa. Sikuifumua.

Ijumaa nilikuwa wa kwanza kufika Ghulail, mfarishi ukiwa ndani ya mfuko. Wengine wakaingia. Mueni hakuwepo. Mifarishi ikatandazwa mmoja mmoja, sidiria ya Rispa ikashangiliwa. Nilitazama mlango, na hata wakati ule nilikuwa na mfarishi wa pili mkobani, wa maua, nilioushona haraka Alhamisi ili niwe na pa kukimbilia.

Mueni akaingia akiwa amechelewa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bafu liling'aa," akatuambia akivua viatu. "Madam amefurahi mpaka amenipa manukato. Lakini AC ya nyumba ile itaniua, nimekohoa siku mbili." Akaketi. "Kesho nafanya la juu. Lile ni dogo lakini lina ukoko zaidi, nitaongeza dawa."

Nikasimama. Sikuwaza sentensi.

"Mueni, si AC. Ile sauti ni yangu."

"Sauti gani?"

"Ya mwalimu. Ni mimi."

Rispa akaguna. "Nekesa, leo umeamka na utani."

Basi nikaukariri ujumbe mzima, kwa sauti hii ya kukwaruza, tangu "Wapendwa" mpaka mwisho, na pale nilipokuwa nimevuta pumzi, nikavuta pumzi, na pale nilipokuwa nimecheka kidogo, nikanyamaza kwa kadiri ile ile. Nilikuwa nimeusikiliza mara nyingi mno, nisingeweza kuusahau. Rispa aliishusha sindano yake.

Nikautoa mfarishi nikautandaza sakafuni. Nikawaambia yote: bafu chini ya ngazi, ndoo, uongo wa sabuni, povu la waridi, madam na mfuko wa taka. Nikasema hakuna aliyenipa sumu. Niliichanganya mwenyewe.

"Ulijua tangu Ijumaa iliyopita?" akauliza Bi Zuhura.

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Na ukamwacha mtoto wa watu aende."

"Ndiyo."

Hakunifariji. Alijitanda mtandio wake, akamshika Mueni mkono. Mueni alikuwa akinitazama kama mtu asiyenijua.

"Nitakufa?" akaniuliza.

"Kama ingekuwa ya kuua ungeshaona. Lakini mwambie daktari ukweli wote. Usiseme sabuni."

Wakaenda zahanati ya jirani, nami nikawafuata nyuma na kukaa kwenye viti vya nje. Nikampigia mama. Nikamwambia yote.

"Kwa hivyo huyo mwanamke ndiye aliyekupeleka hospitali," akasema.

"Mara mbili, mama."

"Na sisi tumemtaja vibaya mbele za Mungu miezi yote hii." Akapumua. "Jumapili utapiga simu wakati wa ibada, uwaambie kwa kinywa chako. Mimi sitakusemea."

Mueni akatoka. Kifua kilikuwa safi, koo limechubuka tu, amepewa dawa. Alipita mbele yangu bila kusimama, kisha akarudi hatua mbili.

"Binamu yangu anayo hiyo sauti," akasema. "Na wote aliowatumia wanayo."

"Najua."

"Sasa?"

Nikafungua simu pale pale kwenye kiti cha zahanati. Nilitaka kuandika kwanza nitakachosema. Nikaacha. Nikabonyeza nikasema:

"Jina langu ni Nekesa, wa Bungoma. Nilifanya kazi Al-Malqa, sasa niko Jeddah. Ule ujumbe wa mwalimu wa kemia mlionao ni wangu. Sauti hii mnayoisikia ndiyo iliyobaki baada ya kufanya nilichowafundisha. Dawa ya kung'arisha nguo na asidi haviwekwi pamoja, hata kidogo, hata mlango ukiwa wazi. Tumia moja, suuza, pumzika. Chupa usiyoijua jina, usiifungue mpaka umemuuliza mwenye nyumba. Ukivuta hewa mbaya, toka nje, na ukifika hospitali sema ulichofanya, hata kama ni cha aibu. Mimi nilificha, nikakaribia kufa. Namshukuru Mungu kwa pumzi, na namshukuru madam aliyenivuta mlangoni, ambaye mmeambiwa alinidhuru. Hakunidhuru. Ifuteni ile sauti ya kwanza. Tumeni hii popote mlikoituma ile."

Katikati nilikohoa. Sikurudia kurekodi. Mueni akanisomea majina ya makundi yake yote, moja baada ya jingine, nami nikatuma.